Goli Nililomwachia Mama Mkwe

Watu waliokuwapo uwanjani Iringa siku ile, Jumatatu ya Pasaka, nikiwahesabu kwa ukarimu hawakufika mia tatu. Lakini watu ambao tangu hapo wamenishika bega wakaniambia, "Bwana, mimi nilikuwapo, nilikuona kwa macho yangu," wangeujaza uwanja ule mara tatu na wengine wakakaa juu ya mapaa. Siwabishii. Mmoja wao hunisimulia mpaka rangi ya kaptula niliyovaa, na najua kabisa kwamba mwaka ule alikuwa hajazaliwa. Huwa namwacha amalize, namsahihisha rangi ya kaptula, tunaagana vizuri.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi msaidizi katika karakana moja ya malori mjini Mbeya, na winga wa kushoto wa timu ya karakana hiyo. Kwa mambo mengine sikuwa na sifa. Kanisani niliimba mpaka mwalimu wa kwaya akaniomba niwe nafungua tu mdomo bila kutoa sauti. Lakini mpira ukiwa kwenye mguu wangu wa kushoto, hakuna aliyenikamata pale mjini isipokuwa kwa kunivuta shati.

Aliyenikamata bila kugusa shati alikuwa msichana wa Kihehe. Alitoka kwao Iringa kuja kumsaidia dada yake aliyekuwa amejifungua, na mume wa dada huyo alikuwa golikipa wetu, Mhehe mnene, fundi wa breki, rafiki yangu wa karibu. Sifa yake kubwa ilikuwa kicheko. Akianza kucheka hawezi kusimama. Hutafuta kitu cha kushika, akikikosa hukaa chini. Kumbukeni hilo, maana litatugharimu.

Siku ya kwanza nilikwenda nyumbani kwa golikipa kuazima spana. Siku ya pili nikaenda kurudisha spana. Siku ya tatu nikaenda kuuliza kama ile spana niliyorudisha ilikuwa haijambo. Golikipa akanitazama.

"Spana yangu imechoka kutembea," akasema. "Sema wewe unataka nini."

Nikasema. Msichana mwenyewe nilikuwa nimeshamwuliza, naye alinijibu, "Kaulize nyumbani," akiwa amenipa mgongo huku anachambua mchicha. Kwa wasichana wa siku zile jibu kama hilo halikuwa dogo. Akarudi kwao Iringa, golikipa akawa mshenga wangu, barua ya posa ikaenda.

Baba wa msichana alikuwa seremala. Alijifunza kazi kwa mapadri wa misheni ya Tosamaganga, na pale mjini alitengeneza mabenchi ya kanisa, madirisha ya watu, majeneza, na milingoti ya goli ya uwanja wa mpira. Jibu lake kwa barua yangu lilikuwa neno moja: "Tutaona." Tutaona ya mzee wa Kihehe si hapana, lakini mtu akiichukua kama ndiyo akanunua shati la harusi, shauri yake.

Dini yetu ilikuwa moja, kwa hiyo tatizo halikuwa padri. Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza, mimi ni Mnyakyusa, na mzee alimwuliza mshenga kama binti yake atalishwa ndizi asubuhi na jioni mpaka asahau ugali. Hilo lilikuwa utani, au nusu yake ilikuwa utani. La pili lilikuwa zito zaidi nami sikulipima. Pasaka ya mwaka uliotangulia timu yetu ilikwenda Iringa ikafunga magoli manne, mawili yangu. Watu wa Iringa, badala ya kuwalaumu mabeki wao, wakamgeukia seremala. Wakasema kajenga goli pana mno. Kwamba lile si goli, ni lango la zizi, kawatengenezea wageni wa Mbeya wapitishe ng'ombe wao. Mzee akawa hawezi kwenda dukani kununua chumvi bila mtu kumwuliza mlango wa kufungia atauweka lini. Siku moja akachukua futi yake akaenda kuipima milingoti mbele ya watu, na vipimo vikatoka sawasawa na vya kitabu. Ndipo wakazidi kucheka.

Kabla ya Pasaka iliyofuata akaleta ujumbe kwa mshenga: "Nasikia mnakuja tena. Huyo kijana naye aje. Mtu humjui mpaka umwone akicheza. Mpira ukiisha nitatoa neno langu."

Nilifurahi kama mjinga. Nikajiambia, kama mzee anataka kuniona nikicheza, nitamwonyesha. Mwaka jana mawili, mwaka huu matatu. Baba gani anamnyima binti mtu aliyefunga matatu? Nimeshawaambia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Mshenga wangu hakuwa na wasiwasi na magoli. Wasiwasi wake ulikuwa adabu. Kwetu Unyakyusa anayemkimbia mkwe ni mwanamke: bibi arusi hakutani na baba wa mumewe, na nimekua nikiona wanawake wenye mitungi ya maji kichwani wakizama migombani kwa sababu mzee fulani amekohoa kule mbele. Jambo lenyewe nililijua. Sikuwahi kufikiri tu kwamba iko siku atakayekimbia nitakuwa mimi. Kwao, golikipa alinieleza, tangu posa inapopelekwa, mwanamume humkwepa mama wa msichana.

"Usimtazame usoni," akanihesabia kwa vidole vyenye grisi. "Usimtaje jina. Usile akikuona. Ukikutana naye njiani, njia ni yake. Wewe inama, toka, ingia majanini mpaka apite. Mtoto wa kwanza akizaliwa unampelekea mbuzi, ndiyo mnaonana sasa. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Lakini golikipa hakuamini masikio yangu, akataka kuifundisha miguu. Karibu na lango la karakana palikuwa na pipa tupu la grisi. Akalifunga kitambaa chekundu juu, kipande cha bendera ya kuonya magari barabarani, ili lifanane na mtu.

"Ile pipa ni mama mkwe," akasema.

Basi kila asubuhi nilipoingia na sanduku langu la vyombo, yeye alipiga kelele, "Mama mkwe!" nami nilitakiwa kuinama, kukata kushoto, na kuingia majanini nyuma ya choo. Nikichelewa, narudia. Watu wa karakana wakawa wanatoka nje na vikombe vyao vya chai kutazama. Wiki ya kwanza niliona haya. Wiki ya pili sikuhitaji kuitwa tena. Nilikuwa nikiona chekundu tu, miguu inageuka yenyewe. Nililikwepa pipa lile hata siku niliyobeba betri ya lori begani. Mke wa golikipa naye alicheka habari hizo mpaka akawaandikia kwao barua.

Tulitoka Mbeya Jumamosi alfajiri juu ya lori. Mvua za Pasaka za nyanda zetu hazina huruma, na barabara ilikuwa ya udongo mtupu. Kuanzia Chimala tulisukuma lori zaidi ya lilivyotubeba. Tukafika Iringa Jumapili jioni, tumekosa misa, Mungu atusamehe, na wote tumekuwa rangi moja. Kapteni wetu, Msafwa mwenye maneno machache, fundi wa kufua vyuma, alitupanga mstari kisimani akatukagua mmoja mmoja tukinawa miguu.

Mechi ilikuwa Jumatatu saa tisa. Uwanja ulikuwa na nyasi pembeni na tope katikati. Goli la upande wa juu lilipakana na shamba la mahindi la mwalimu mmoja, nayo mahindi yalikuwa yamempita mtu kimo. Nyavu hazikuwapo. Mpira ulikuwa wa ngozi, wa kufungwa kwa kamba, na ukilowa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Aliyepiga kichwa upande wa kamba alirudi kwao na alama. Wengi wetu tulicheza pekupeku. Refa alikuwa mwalimu wa shule, kavaa soksi ndefu nyeupe ambazo kwa dakika tano zilikuwa nyeupe kweli.

Baba mkwe alikuwa amekaa karibu na goli lile la mahindini, kwenye benchi lake mwenyewe alilobebewa kutoka nyumbani. Mtu mfupi, koti zito, penseli nyuma ya sikio hata sikukuu. Nikasimama mbali kidogo nikainama.

"Kamwene, baba."

"Kamwene," akaitika, kisha akaitazama miguu yangu jinsi fundi anavyotazama mbao zilizoletwa na mtu asiyemwamini.

Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Cha pili tukabadilishana magoli, nikawa nashambulia upande wa mzee. Nikapiga moja kali kutoka mbali, macho yangu yako kwenye mpira, ikagonga mlingoti mpaka ukalia. Mzee akainuka kwenye benchi, akaenda kuupapasa mlingoti wake, akarudi kukaa. Nikadhani amependezwa na shuti langu.

Muda ulikuwa umekaribia kwisha nilipoupata mpira katikati ya uwanja. Nikampita wa kwanza. Nikampita wa pili, akanishika shati, shati likabaki kwake kipande. Golikipa wa Iringa akatoka, akajirusha miguuni kwangu. Nikausogeza mpira pembeni, yeye akapitiliza kwenye tope na tumbo lake. Goli likabaki wazi. Nilikuwa hatua tatu kutoka mstarini, mpira uko mguu wa kushoto, na mbele yangu hakuna kiumbe. Bibi kizee mwenye kikohozi angefunga. Nikainua macho kuchagua kona.

Kati ya milingoti miwili, upande wa nyuma, ukingoni mwa mahindi, alikuwa amesimama mwanamke mrefu, mikono kaikunja kifuani, kichwani kajifunga kitambaa chekundu.

Sikuamua kitu. Nataka hilo lieleweke, maana wapo wanaosema nilifikiri na wapo wanaosema nilipanga. Mama wa mchumba wangu sikuwahi kumwona hata siku moja. Nilichokijua ni chekundu. Miguu yangu ikaona chekundu, mgongo ukainama, nikakata kushoto, nikapita nje ya mlingoti, nikazama kwenye mahindi. Wanasema hata niliomba radhi nikipita. Sikumbuki, lakini linafanana na mimi.

Mpira ukaviringika polepole ukaingia kwenye kidimbwi hatua moja kutoka mstarini, ukatulia humo.

Refa alikuwa na filimbi mdomoni na hakujua aipulize kwa kosa gani. Golikipa wa Iringa akainuka kwenye tope, akautazama mpira, akayatazama mahindi, akautazama tena mpira kana kwamba utamwuma. Halafu akaupiga mbele kwa nguvu zake zote.

Kule upande wa pili, katika timu nzima ya Mbeya, mtu mmoja tu alikuwa ameelewa kilichotokea. Golikipa wetu aliona kitambaa chekundu, akaniona nikiinama, akalikumbuka pipa. Akaanza kucheka. Akashika mlingoti. Mlingoti haukumtosha, akakaa chini. Mpira ukadunda mbele yake, fowadi wa Iringa akaukimbilia, akaugusa kidogo tu, ukampita pale alipokaa. Hata leo anaapa kwamba alinyoosha mkono kuudaka. Walioona wanasema alikuwa anafuta machozi.

Moja bila.

Mimi nilikuwa mahindini. Mpango wangu ulikuwa kutoka mara mama atakapoondoka, lakini mama hakuondoka. Kila nilipopenyeza macho kati ya mabua, kitambaa chekundu kilikuwa palepale. Basi Mbeya wakamaliza mchezo wakiwa kumi, au tisa na nusu, maana golikipa alikuwa bado hajapona. Nilimsikia kapteni wetu, yule wa maneno machache, akiyatoa yote aliyokuwa ameyaweka akiba tangu ujana wake. Sitayaandika, ilikuwa Pasaka.

Filimbi ya mwisho ikalia, Iringa wakaingia uwanjani na ngoma. Nikabaki nimechuchumaa, majani ya mahindi yananiwasha shingoni, na moyoni nimeshakata tamaa. Nilikuwa nimekuja kumwonyesha mzee magoli matatu. Nilichomwonyesha ni mgongo. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Ndipo nikaona viatu vya mzee vimesimama ukingoni mwa shamba.

"Wewe uliye humo mahindini."

"Naam, baba."

"Umevunja mabua ya mwalimu."

"Nisamehe, baba. Nitayalipia."

Nilisikia anavuta kamasi za baridi.

"Pale nyuma ya goli ulimwona nani?"

Sijui ni nani aliyenipa jibu. Nadhani ni lile pipa.

"Sikumwona mtu, baba."

Mzee akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiyekizoea, kinatoka kidogokidogo.

"Mwambie mshenga wako aje kwangu kesho asubuhi," akasema. "Na wewe toka humo, mwenye njia ameshaenda."

Asubuhi mshenga akaenda, akarudi amejaa maziwa na habari. Mzee amekubali. Amesema kijana anayeweza kuacha goli tupu kwa ajili ya heshima, binti yake hatamwacha njiani. Nilimkumbatia golikipa mpaka tukaanguka wote.

Wenzetu hawakuanguka kwa furaha. Safari ya kurudi kapteni alituketisha mimi na golikipa nyuma kabisa juu ya tairi la akiba, na kila lori liliponasa kwenye matope, tulishuka wawili tu kulisukuma. Alisema nimeuza mchezo kwa sababu ya mwanamke. Nilikaa nikalifikiria neno hilo njia nzima. Sikuweza kulikana, isipokuwa wakati wa kuuza sikujua kama niko sokoni. Tangu siku hiyo akaacha kunisalimu, na katika karakana ndogo kama yetu, mtu asipokusalimu miezi minne unaijua kila siku yake.

Harusi ilikuwa kiangazi, kwao Iringa. Kapteni alikuja kwa sababu lori lilikuwa la karakana na yeye hakuwaamini wengine nalo. Akakaa kona moja na kata yake ya pombe, kanuna. Kwenye kona nyingine wamekaa watu wa timu ya Iringa, nao wameanza kuisimulia siku ile. Wakasema nilikimbia tangu katikati ya uwanja. Wakasema mpira wenyewe nilikimbia nao mpaka mahindini, ukaja kuonekana wakati wa mavuno. Nikamwona kapteni anajikaza, anajikaza, mwisho hakuweza. Akasimama.

"Uongo!" akasema. "Hatua tatu! Alikuwa hatua tatu tu kutoka golini, mimi nilikuwa nyuma yake! Ninyi mtaijua wapi habari ya kushindwa? Aliyeshindwa ni mimi!"

Akachukua kibuyu akakiweka chini kiwe mpira. Akamwinua golikipa wa Iringa kwa mkono, akamlaza chini mahali pake pa tope, naye akakubali kulala na suti yake ya kuazima. Kapteni akawa mimi. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akainua macho, akainama, akakata kushoto, akapotelea nyuma ya akina mama waliokuwa wanapakua wali. Nyumba nzima ikalia kwa kicheko. Aliporudi alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa na bibi arusi.

"Mkwe," akaniita, "ningekuwa mimi, ningefunga kwanza halafu nikimbie."

Ndiyo salamu yangu ya kwanza kutoka kwake tangu Pasaka. Niliinuka nikamshika mikono miwili.

Kuanzia hapo mambo yakageuka. Pasaka iliyofuata lori letu lilipofika Iringa, hatukupelekwa kulala shuleni. Kila nyumba ilichukua mchezaji wake. Timu nzima ya Mbeya ilikuwa imeoa, maana wote walituita wakwe, hata dereva, hata utingo wake. Mchezaji wetu akikaribia goli, uwanja mzima ulimwonya kwamba mama yuko nyuma. Wao walipokuja Mbeya tuliwapikia ndizi, tukalitoa lile pipa likawekwa mbele yao wakalisalimu kwa adabu. Magoli ya miaka hiyo siyakumbuki, wala simjui anayeyakumbuka. Goli moja ambalo halikufungwa ndilo lililobaki, na watu waliotaniana kwa ajili ya goli pana sasa walikuwa wanauguzana na kuzikana.

Na mimi, sitaficha, nikaota mapembe. Msimuliaji mkuu alikuwa baba mkwe. Kila mgeni aliyeingia kwake alisimuliwa jinsi kijana wa Mbeya alivyoliona goli likiwa wazi, akaona na heshima iko pale, akachagua heshima. Nilikuwa nimekaa pembeni nainamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku nikisubiri sehemu yangu ifike. Kwa kuyasikia hayo mara nyingi nikaanza kuyaamini. Nikasahau kabisa kwamba aliyechagua ni miguu.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa salama, msichana. Alipopata nguvu tukasafiri kwenda Iringa, nami nikapeleka mbuzi na blanketi, kama desturi inavyotaka, ili nipate kumwona mama mkwe. Mbuzi akapokelewa. Baba mkwe akabaki uani na wageni wake, wanaume wa mtaa na watani wake wa zamani, na nilipoingia ndani nikamwacha ameanza: "Basi siku ile ya Pasaka, mvua imenyesha..."

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mjukuu wake mapajani. Mke wangu akaniambia nikae mkekani. Nikakaa, nikainua macho. Mwaka wa pili huo nimeoa nyumba ile, na ndiyo kwanza namwona: uso mwembamba, jino moja la mbele limepungua, macho ya mtu anayekujua zamani. Kichwani alikuwa na kitambaa cheusi.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

Akampangusa mtoto mate. Kule nje sauti ya mzee ilikuwa imefika kwenye mlingoti uliogongwa.

"Siku ile," mama akaniuliza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchaguachagua, "ile mpira ungeingiza?"

"Ningeuingiza, mama. Goli lilikuwa wazi."

"Mimi nilijua. Ndiyo maana nilikuja."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa anatazama ukuta.

"Jumapili ile, tumetoka kanisani, tunakula," mama akasema. "Huyu baba yako, ndugu zake wamemtania, lango la zizi, lango la zizi. Akapiga meza. Akasema, yule Mnyakyusa akipitisha mpira tena katika goli yangu, barua yake naichoma, binti sina. Amesema mbele ya ndugu zake. Na wewe unamjua sasa. Neno lake likitoka halirudi."

Nje watu wakacheka. Mzee alikuwa amefika kwa golikipa wa Iringa na tumbo lake.

"Huyu mkeo alilia huko jikoni mpaka mboga ikawa chumvi tupu. Maana amekuona mwaka juzi, anajua unafunga. Nikamwuliza, hiyo mpira inazuiwa namna gani? Mimi sijawahi kwenda. Akasema, kuna mtu anasimama golini. Nikasema, na yeye akishindwa? Akasema, basi, mama, hakuna mwingine. Nikasema, haya, mimi nitasimama nyuma yake."

"Na kile kitambaa?" nikauliza.

"Nimeazima kwa jirani. Mimi nyekundu sivai. Lakini dada yake alituandikia habari ya ile pipa."

Mwaka mzima na zaidi nilijisifu kwa goli nililoliacha, na kumbe pale nje kulikuwa na seremala amekaa na kiapo chake tayari, nami namkimbilia na mpira mguuni, nacheka, kwenda kumpoteza mke wangu. Hatua tatu zilikuwa zimebaki. Mwanamke ambaye hakujua hata mpira unadundaje alikuwa amesimama kwenye baridi na mvua tangu mwanzo wa kipindi cha pili mpaka filimbi ya mwisho, na hakuondoka hata nilipokwisha kukimbia, asije akakosea akaniachia nirudi. Nilimpenda palepale mkekani, na nimempenda mpaka siku tulipomzika.

"Ndaga, mama," nikasema. Kiswahili kilikuwa kimenikimbia, nikamshukuru kwa Kinyakyusa, naye akaelewa.

"Baba anajua?" nikauliza.

"Ajue nini? Yeye anafikiri nilikuja kutafuta mbuzi aliyepotea." Akamrudisha mtoto begani. Nje mzee alikuwa amefika mahali pale pa kuchagua kona, sauti imepanda, na watu wamenyamaza kumsikiliza. "Anapenda kusimulia. Mwache. Ila sasa anazeeka, siku hizi anasahau mahali pa kuinama. Nenda ukamsaidie."

Nikatoka uani, nikakaa kwenye benchi kando ya baba mkwe, na ilipofika sehemu ya kuinama, nikainama.